Pingamizi la Jumapili ya Tatu

Mwaka 1958 nilikuwa karani wa mabasi pale Makambako. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya abiria, wanakotoka, wanakokwenda, na uzito wa mizigo yao. Waliotoka Njombe walishuka kwangu kungojea basi la Iringa, na waliotoka Iringa walinikuta nimesimama barabarani na karatasi zangu zikipigwa na upepo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Jioni nne kwa wiki nilikwenda shule ya watu wazima, nikasoma chini ya taa ya karabai, nami nilikuwa nimekwisha kupata cheti cha hesabu na cha Kiswahili. Nayataja haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kudanganywa na redio.

Mchumba wangu alikuwa Yunisi binti Enoki. Baba yake alikuwa mwinjilisti, na nyumba yao ilikuwa mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini. Watu wa kanisa lile walikumbuka mambo mawili juu ya Yunisi: sauti yake katika kwaya, na mzee Enoki akigeuka kwenye benchi la mbele na kusema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka mlangoni, "Kaa chini, Yunisi." Hakuweza kukaa. Wakati wa mahubiri alisimama kuchungulia dirishani. Wakati wa chakula alikula akitembea. Mama yake alikuwa akisema mtoto yule alizaliwa njiani, kati ya shamba la viazi na nyumbani, na mpaka leo hajafika.

Mwaka 1955 alikwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake kujifunza kupiga taipu. Krismasi ya mwaka ule kwaya ya shangazi iliitwa redioni kuimba. Wakati wakingoja zamu yao, Yunisi alicheka ukumbini, na mkuu wa michezo ya redio akatoka chumbani mwake kuuliza ni nani aliyecheka. Akamwuliza kama anaweza kucheka vile vile mbele ya mashine. Aliweza. Kazi yake ya kwanza ikawa kucheka nyuma ya watu wengine waliokuwa wakizungumza. Kisha akapewa kuwa mtumishi wa nyumba mwenye sentensi mbili. Kabla ya mwaka mwingine kwisha, yeye ndiye aliyekuwa akingojewa.

Mchezo wenyewe uliitwa *Uani kwa Bi Zena*, nao ulitoka kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni. Wapangaji sita, ua mmoja, bomba moja la maji. Kila wiki ulikatwa pale mtu alipofungua barua au mlango ulipogongwa, na nchi nzima ikakaa siku saba ikijiuliza ni nani anagonga. Wachezaji hawakuwa na karatasi ya kusoma. Mkuu wa michezo aliwaeleza kisa, wakazungumza kama wanavyozungumza watu, na ili wasisahau majina, kila mmoja alitumia jina lake mwenyewe. Kwa hiyo Yunisi wa redioni aliitwa Yunisi, na alisema anatoka Njombe.

Jumapili jioni aliimba na bendi ya dansi. Wimbo wake uliopata jina uliitwa *Kiti Kinaniuma*. Sahani ya santuri ilifika mpaka Makambako, hotelini kwa Marcelino, ambaye aliipiga kila basi lilipowasili:

*Nikaribishe, lakini usinikalishe,*
*kiti kinaniuma, mama, kiti kinaniuma.*

Wapakizi wa mizigo waliuimba wakipandisha magunia ya viazi juu ya basi. Mzee Enoki alifunga dirisha lake uliposikika, lakini jirani mmoja aliniambia kwamba alikuwa akilifunga polepole sana.

Nilimpata hivi. Kila alipokuja likizo alipita Makambako, na basi la Njombe lilichelewa kwa saa mbili au tatu. Abiria wengine walikaa kwenye benchi wakijifunika mablanketi. Yeye alitembea nami huku nikipima mizigo, akiwaigiza wale tuliokwisha kuwaandika: bibi aliyekataa kuku wake apimwe, bwana aliyesema anakwenda Iringa kwa shughuli za serikali na viatu amevishika mkononi. Nilicheka mpaka nikakosea kuandika uzito. Safari ya nne nikamwuliza kama atakubali nimtumie mshenga nyumbani kwao. Alitazama barabara ya Iringa, akatazama ya Mbeya, kisha ya Njombe.

"Wewe utaendelea kuishi hapa hapa?" akauliza. "Siyo Kichiwa kwenu?"

"Hapa hapa. Kazi yangu iko hapa."

"Basi sawa," akasema.

Nililichukua neno lile kama mtu anavyochukua zawadi, bila kuuliza ilinunuliwa wapi.

Aliyesimamia mambo yangu alikuwa baba mkubwa, mzee Yoeli wa Kichiwa, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Alikuwa mzee wa kanisa, hakujua kusoma, na hakusahau jambo lolote alilosikia. Alipeleka mahari mwenyewe. Mwezi wa sita mwaka 1958 Yunisi akaja nyumbani kwa likizo ya mwezi mzima, na matangazo ya ndoa yetu yakaanza kusomwa kanisani Njombe. Kama ilivyo desturi, yanasomwa Jumapili tatu, na kila mara mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Jumapili ya kwanza yalisomwa, watu wakageuka kututazama, mtoto mmoja akapiga chafya, basi.

Jumamosi iliyofuata baba mkubwa alikuja Makambako kuuza viazi. Jioni tukakaa kwa Marcelino kunywa chai, kwa sababu baridi ya Juni ile ilikuwa ikikata masikio. Redio ya betri ilikuwa juu ya kabati la vikombe. *Uani kwa Bi Zena* ukaanza, na Yunisi akafunga ndoa.

Aliolewa na Kristofa, karani wa reli aliyepanga chumba cha tatu. Kwaya iliimba. Mchungaji akauliza. Yunisi akajibu kwa maneno yale yale ya kitabu chetu, neno kwa neno, kama alivyoyasikia Njombe tangu utotoni. Aliposema "Nakubali" alikawia kidogo kabla yake, na hoteli nzima ikaacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimewahi kusikia nakubali yake, barabarani, ikiitwa basi sawa. Sikupenda kuilinganisha na ile ya redioni, lakini nililinganisha.

"Karani!" Marcelino aliniita. Alikuwa mtu wa Uwemba, Mkatoliki, na hakupitisha siku bila kuwatania Walutheri. "Mke kaolewa mbele ya nchi nzima, na wewe unakunywa chai? Jeni, mwongezee sukari mume mdogo!"

Watu wakacheka. Jina hilo, mume mdogo, likanishika tangu dakika ile. Nilipogeuka kumtazama baba mkubwa, kikombe chake kilikuwa nusu na kiti kitupu. Nilidhani baridi imemshinda.

Jumapili ya pili nilifika Njombe asubuhi kwa lori la pareto. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye miti ya miwati. Mchungaji alisoma majina yetu, akauliza swali lake. Nyuma kabisa fimbo ikagonga sakafu.

"Mimi ninalo," akasema mzee Yoeli.

Kanisa lote likageuka. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mzee Yoeli," mchungaji akasema, "huyu si kijana wako?"

"Ni wangu. Ndiyo maana nimekuja. Huyu binti nimempenda, na mahari nilipeleka mimi. Lakini ni mke wa mtu. Jana ameolewa, au alikwisha kuolewa na jana ndiyo tumetangaziwa, hilo sijui. Nimesikia kwa masikio haya."

Yunisi alicheka. Kisha akamtazama baba yake na akaacha. Mzee Enoki hakuwa akicheka.

Baada ya ibada wazee waliketi katika chumba cha mchungaji, na Yunisi akaitwa. Mimi nilisimama mlangoni. Alipewa kiti; akakishika mgongoni na kubaki wima.

"Redio ni mchezo, baba," alimwambia mzee Yoeli kwa adabu. "Tunajifanya."

"Redio ilisema mvua itachelewa, ikachelewa. Ilisema bei ya pareto, nikaenda sokoni nikaikuta bei ile ile. Leo ndiyo ianze kujifanya?"

"Ile ni habari. Hii ni mchezo."

"Inatoka kwenye sanduku moja. Nijibu mwanangu: maneno yale uliyasema?"

"Niliyasema."

"Ya kitabu chetu?"

"Ndiyo niliyoyajua. Wenzangu hawakuwa na mengine."

"Mbele ya mchungaji?"

"Hakuwa mchungaji, baba. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi yetu."

Mzee Yoeli akawageukia wenzake. "Mnasikia? Kwani sisi hatuna tarumbeta? Mwinjilisti wa Kichiwa si anapiga tarumbeta?"

Wazee wakatazamana. Jambo hilo lilikuwa kweli. Kila usharika wetu ulikuwa na tarumbeta zake, na mtu aliyepuliza tarumbeta Jumapili asubuhi angeweza vizuri kuwa mtu wa Mungu. Niliona mchungaji mwenyewe akifikiri. Alisema hawezi kuendelea na tangazo la tatu mpaka pingamizi lifutwe na yule aliyeliweka. Akaamua kwamba Jumamosi waende Makambako, binti akiwapo, waisikilize redio hiyo pamoja.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila dereva aliyesimama aliniuliza habari za mume mwenzangu. Wapakizi waliniuliza Kristofa anakuja lini kugawana siku. Nilifungua vitabu vyangu jioni na kusoma mstari mmoja mara kumi. Nilijiambia kwamba kinachoniudhi ni ujinga wa watu.

Jumamosi wakaja na basi la mchana: mchungaji, mzee Enoki, baba mkubwa, na Yunisi, aliyesafiri amesimama ingawa viti vilikuwapo. Hoteli ilijaa mpaka madirishani.

"Karibuni," akasema Marcelino. "Leo Walutheri wamekuja kusali kwangu. Sadaka ni chai na maandazi."

Saa kumi na mbili na nusu redio ikapiga ule muziki wake. Yunisi alikuwa amesimama kando ya kabati, na sauti yake ikatoka juu ya kichwa chake. Watu walimtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa. Wengine wakasogea nyuma.

"Sauti hizi zimenaswa kwenye utepe tangu mwezi wa tano," akaeleza.

"Nilisema," akajibu mzee Yoeli. "Inatangaza yaliyokwisha kutokea."

Lakini mkuu wa michezo hakupenda kungoja. Katika wiki moja alikuwa amepitisha mwaka mzima: Kristofa alirudi kutoka kazini, mlango ukafunguliwa, na mtoto mchanga akalia. Alilia kwa hasira, akikwama pumzi katikati, kama mtoto wa miezi mitatu mwenye njaa. Jeni, mke wa Marcelino, akaweka birika chini na kutazama kama kuna mama aliyemsahau mwanawe.

Mzee Yoeli akanyoosha mkono, redio ikapunguzwa. Akaanza kuhesabu vidole. Alihesabu kwenda na kurudi.

"Yunisi," akasema. "Pasaka ulikuja hapa."

"Nilikuja, baba."

"Nilikaa nawe meza moja. Tumbo halikuwepo."

"Halikuwepo."

"Basi mtoto huyu ametoka wapi?"

Yunisi akamtazama baba yake, kama anayeomba ruhusa. Mzee Enoki alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe. Yunisi akaweka kiganja mdomoni, akainama kidogo, na mtoto yule yule akalia katikati ya hoteli. Hasira ile ile, pumzi ile ile iliyokwama. Kisha akamnyamazisha kwa sauti ya mama, mtoto akapiga kwikwi mbili, akalala.

Halafu mzee Yoeli akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, na mchungaji ndiye aliyemwokotea.

"Nimeshindwa," akasema akijipangusa macho. "Mchungaji, andika. Mimi Yoeli wa Kichiwa nilikosa, pingamizi langu nimelifuta. Binti anayeweza kumzaa mtoto kwa kiganja, harusi inamshinda nini?"

Watu walipiga makofi, wakadai zaidi. Yunisi akawapa Bi Zena akigombana na muuza maziwa. Akawapa mlango unaolia, akawapa jogoo. Wakadai wimbo. Akaimba *Kiti Kinaniuma* bila bendi, akigonga kabati kwa vidole, na vikombe vyote vya Marcelino vikawa vinatikisika pamoja naye. Hata mzee Enoki alikuwa akigusa sakafu kwa ncha ya kiatu, nadhani bila kujua.

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango. Nilimtazama uso na nikajua jambo moja: sijapata kumwona hivi mbele yangu peke yangu. Nikakifikiria chumba changu, kitanda, meza ya vitabu, dirisha linalotazama mizani ya mizigo. Nikamwona humo ndani, amekaa.

Tulipotoka alinishika mkono wa koti. Alikuwa akipumua kama aliyekimbia.

"Mika, kesho baada ya ibada nina jambo la kukuambia."

"Liseme sasa."

"Kesho. Nataka tuwe tumekwisha kutangazwa. Na uvae suti."

Alicheka, akapanda gari alilokodi mchungaji. Usiku ule sikulala. Niligeuza jambo hilo kila upande na kila upande lilikuwa ni kuaga. Anataka kuniambia ataolewa kwa sababu baba yake ametoa neno, na kwamba nisitegemee atakuwa na furaha. Au anataka kuniambia aende kwanza, arudi baadaye. Mpaka alfajiri nilikuwa nimekwisha kumsemea maneno yake yote, naye hajasema hata moja.

Jumapili ya tatu nilivaa suti. Mchungaji alieleza kwamba pingamizi la mzee Yoeli limefutwa, watu wakacheka kwa upole, mzee akainua fimbo kuwasalimu. Kisha majina yakasomwa kwa mara ya mwisho. Mika wa Kichiwa na Yunisi binti Enoki. Mwenye pingamizi aseme sasa.

Nikasimama.

"Ninalo mimi," nikasema.

Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, kama insha. Nilisema kwamba binti huyu ana kazi ambayo Mungu amempa, kwamba hawezi kusema hapana mbele ya baba yake, na kwamba mimi, kwa kumpenda, namsemea. Namwacha huru. Nilisema kwa Kiswahili kizuri sana. Sijawahi kusema vizuri kama siku ile, na nilipokaa nilihisi mikono yangu imekuwa miepesi.

Wakati huo niliamini kila neno. Leo nikiwa mzee najua kwamba kulikuwa na mengine chini yake: wapakizi wa mizigo, na lile jina la mume mdogo, na nakubali niliyoisikia hotelini. Siwezi kupima ni lipi lililoniinua kwenye benchi. Nimepima mizigo ya watu maisha yangu yote, huo wangu sikuuweza.

Yunisi alinikuta nje, upande wa miti ya miwati. Hakuwa akilia.

"Nani alikutuma unisemee?"

"Yunisi, nimekufungulia mlango..."

"Mlango gani? Nimekuuliza, nani alikutuma? Mdomo ninao. Wewe umewahi kuniona nimekosa maneno?"

"Ulitaka kuniambia jambo. Nilijua ni jambo gani."

"Ulijua!" Akatoa barua katika Biblia yake, akaikunjua mbele ya uso wangu. Ilikuwa ya mkuu wa michezo. Aliandika kwamba amekubali: Yunisi atakuja Dar es Salaam mara nne kwa mwaka, wiki tatu tatu, wanase vipande vyote kwa pamoja, na siku nyingine akae kwa mumewe. "Nimemwomba miezi mitano. Miezi mitano, Mika! Kwa nini unadhani nilikubali mtu wa Makambako? Nilikuuliza siku ile kama utabaki hapo. Mabasi yote yanapita mlangoni kwako. Nakwenda, narudi, nakwenda, narudi. Hakuna mahali pengine katika nchi hii ningeweza kuolewa!"

Nilipaswa kuangua kicheko. Nilipaswa kurudi ndani nikimkimbilia mchungaji. Badala yake nikasikia tu kwamba nimechaguliwa kwa sababu ya barabara.

"Kumbe ulikuwa unaolewa na stendi ya mabasi," nikasema.

Alinitazama kwa muda, bila kusogea popote. Ndiyo mara pekee niliyomwona ametulia.

"Mzee Yoeli alifuta la kwake," akasema. "Mchungaji hajaondoka. Ingia ufute la kwako, nitasahau ulivyoniaibisha mbele ya baba yangu."

Mlango wa kanisa ulikuwa hatua ishirini. Watu walikuwa wamesimama mbele yake katika mafungu mafungu wakitutazama, na baba mkubwa alikuwa kati yao, akinitazama zaidi ya wote. Mzee yule asiyejua kusoma alikuwa amesimama mbele ya Wakatoliki na wapakizi akasema kwamba alikosa, kwa sababu ya kilio cha mtoto. Mimi nilikuwa na vyeti viwili. Nilikuwa nimetoka kusema hotuba, na watu wawili walikuwa wamelia. Sikuweza kuingia tena na kusema haikuwa na maana.

"Nikiingia watanicheka," nikasema.

"Ndiyo," akasema Yunisi. "Kisha watanyamaza."

Alingoja kidogo zaidi. Kisha akakunja barua yake.

Jumatano alishuka Makambako na sanduku moja. Foleni ilikuwa fupi. Ilipofika zamu yake nikauliza, kama ninavyomwuliza kila mtu, jina na aendako.

"Unajua," akasema.

Nikaandika. Sanduku lilikuwa ratili ishirini na mbili. Alisimama kwenye ngazi ya mlango, dereva akimwambia aingie ndani, mpaka basi likapinda kwenye njia ya Iringa.

Aliendelea mbele. Mwaka ule alirekodi sahani nyingine mbili, na mwaka uliofuata bendi yake ilizunguka mpaka Tanga na Mombasa. Picha yake ilitoka gazetini, amesimama kando ya kiti. Nilisoma kila kitu. Nilipata cheti cha Kiingereza pia. Jumamosi sikukosa kwa Marcelino, wala baba mkubwa hakukosa. Alikuwa amehamisha siku yake ya kuuza viazi ili isipishane na Bi Zena. Watu waliacha kuniita mume mdogo. Waliacha kuniita chochote.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1960, mvua inapiga bati. Katika mchezo, Bi Zena alikuwa amewaita wapangaji uani kuwauliza nani atabaki na nani atahama. Kristofa akajibu kwa niaba ya mkewe. Alisema Yunisi amechoka na mji, Yunisi anataka kupumzika, Yunisi hawezi kusema mwenyewe kwa sababu ya heshima. Alisema vizuri sana, kama insha.

Kukawa kimya. Nilikijua kimya kile kabla Yunisi hajavuta pumzi.

"Nani alikutuma unisemee?" ikasema redio. "Mdomo ninao!"

Hoteli ikalipuka. Jeni alipiga vigelegele. Wapakizi walipiga meza. "Kapatikana!" Marcelino akapaza sauti. "Kristofa leo kapatikana!" Nami nilipiga makofi pamoja nao, kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha kuinuka.

Baba mkubwa hakupiga. Alikuwa ameegemea fimbo yake, akinitazama kama siku ile mbele ya kanisa. Alikuwapo. Maneno yale ya Yunisi aliyasikia. Naye hakusahau jambo lolote alilosikia.

"Huyo Kristofa," akasema polepole, "atakaa hivyo mpaka lini?"

"Sijui, baba."

"Mimi nilikosa, nikasema. Sikufa."

"Hukufa, baba."

Jumapili nilipanda basi la Njombe. Sikuvaa suti. Mchungaji alisoma matangazo ya vijana wawili wa Uwemba waliohamia kwetu, akauliza kama kuna pingamizi, hapakuwa na pingamizi. Alipotaka kufunga kitabu nikasimama. Nilisikia kanisa likivuta pumzi, na wale vijana wawili wakageuka wakiwa na hofu.

"Si juu ya hawa," nikasema haraka. "Ni lile la mwaka hamsini na nane. Nilikosa. Sikutumwa na mtu. Nalifuta."

Mchungaji alivua miwani. "Mika, mwanangu. Matangazo yale yalikwisha kufa. Na binti hayupo."

"Najua. Naomba liandikwe tu."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha wengine kadhaa, kama nilivyojua watafanya. Halafu wakanyamaza. Mchungaji akainama, akaandika, na katika kimya kile tulisikia kalamu. Kwenye benchi la mbele mzee Enoki aligeuka. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alinitazama sana.

"Kaa chini, Mika," akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka mlangoni.

Hakuisema kwa ukali. Lakini sikuweza kukaa. Nilibaki wima peke yangu, mikono kwenye mgongo wa benchi, mpaka tarumbeta zikaanza na watu wote wakasimama kuimba.